Mlango Umekomewa kwa Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Hadithi za Upelelezi na Uhalifu Usiowezekana

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya anayezianza hadithi hizi, na pia kwa aliyezisoma siku nyingi anayependa kubishana kuzihusu. Hakuna siri ya kitabu itakayotobolewa hapa. Nikisimulia kisa, naishia pale fumbo linapoanza.

Uhalifu usiowezekana ni upi hasa?

Ni uhalifu ambao, kwa jinsi ulivyoelezwa, hakuna binadamu aliyeweza kuutenda. Mtu amekutwa amekufa, kisu kiko mgongoni, mlango umetiwa komeo kwa ndani, madirisha yamefungwa, na humo chumbani hamna mtu mwingine wala pa kujificha. Hadithi ya kawaida ya upelelezi huuliza nani kaua. Hii huanza kwa kuuliza aliwezaje. Na ukishajua aliwezaje, mara nyingi jina la muuaji huja lenyewe, kwa sababu ni mtu mmoja tu aliyekuwa na nafasi ya kuifanya hila ile.

Lazima kuwe na chumba kilichofungwa?

La. Chumba ndicho kinachojulikana zaidi, lakini jamii hii ni kubwa. Kuna maiti katikati ya theluji iliyotanda, na nyayo zilizopo ni za marehemu peke yake. Kuna mtu anayeingia nyumba inayolindwa pande zote asionekane tena. Kuna risasi inayopigwa mbele ya mashahidi wengi, na hakuna hata mmoja aliyeona bastola.

Kuna hata fumbo la kinyume, la kutoka badala ya kuingia. Mwaka 1905 Jacques Futrelle wa Marekani alichapisha "The Problem of Cell 13". Profesa mmoja mwenye kiburi cha akili anadai kwamba hakuna lisilowezekana akili ikitumika, na wenzake wanamfungia katika seli ya gereza wakimpa wiki moja atoke. Anaomba vitu vitatu tu: dawa ya meno ya unga, noti chache, na viatu vyake ving'arishwe. Hakuna maiti wala damu, na bado ni miongoni mwa hadithi fupi tamu kuliko zote za aina hii. Futrelle alikufa Titanic ilipozama mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 37. Najiuliza mara nyingi angetuandikia nini zaidi.

Nani aliyeanzisha?

Edgar Allan Poe, Aprili 1841, katika jarida la Graham's Magazine la Philadelphia. "The Murders in the Rue Morgue" ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi kama tunavyoijua leo, na tayari ina chumba kilichofungwa. Mama na binti yake wameuawa kikatili mjini Paris, ghorofa ya nne. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani. Dirisha limepigiliwa msumari.

Ninachokipenda zaidi humo ni majirani. Walipokuwa wakipanda ngazi walisikia sauti mbili chumbani, na kuhusu moja kila shahidi ana hakika ni ya mgeni. Huyu anasema ni lugha fulani, yule anasema ni nyingine, na kila mmoja anataja lugha ambayo yeye mwenyewe haielewi. Polisi wanaona ni ushahidi unaogongana, wanauweka kando. Mpelelezi, Dupin, anaona kwamba mgongano huo ndio ushahidi wenyewe. Somo zima la hadithi hizi limo katika ukurasa huo, nami nitalirudia hapo chini.

Baada ya Poe, Israel Zangwill aliandika *The Big Bow Mystery*, iliyotoka kwanza katika gazeti la The Star la London mwaka 1891. Mwaka 1907 Mfaransa Gaston Leroux akaleta *Le Mystère de la chambre jaune*, na mpelelezi wake ni mwandishi wa habari kijana. Kisha G. K. Chesterton akamleta Father Brown, padri mfupi mwenye mwavuli, ambaye kitabu chake cha kwanza ni cha 1911.

"Zama za Dhahabu" ni miaka ipi?

Ndizo zama za fahari za hadithi za upelelezi, na kwa kawaida ni miaka kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Kitabu cha kwanza cha Agatha Christie kilitoka 1920. Cha kwanza cha Ellery Queen, jina la binamu wawili Frederic Dannay na Manfred B. Lee, kilitoka 1929.

Kwa nini John Dickson Carr anatajwa kila mara?

Kwa sababu wengine walipita katika chumba kilichofungwa, yeye alihamia humo. Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1906, akaishi Uingereza miaka mingi, na riwaya zake nyingi ni za Kiingereza hasa kwa mazingira. Aliandika pia kwa jina la Carter Dickson. Kwa jina lake mwenyewe mpelelezi wake mkuu ni Dr. Gideon Fell, mnene, mwenye fimbo mbili. Kwa jina la pili ni Sir Henry Merrivale, mkali wa mdomo na mwepesi wa kununa.

Kitabu chake kinachosifiwa kuliko vyote ni *The Hollow Man* cha 1935, kinachoitwa *The Three Coffins* Marekani. Mgeni aliyevaa kinyago anaingia chumbani kwa profesa, shahidi akiutazama mlango. Risasi inasikika. Mlango unapofunguliwa profesa amelala sakafuni anakata roho, mgeni hayupo, na theluji nje ya dirisha haijaguswa. Usiku huohuo mtu mwingine anapigwa risasi kwa karibu katikati ya mtaa usio na njia upande wa pili. Mashahidi wapo, theluji ipo, na nyayo ni zake peke yake. Mwaka 1981 mwandishi Edward D. Hoch alipowauliza waandishi na wahakiki 17 wapange riwaya bora za uhalifu usiowezekana, hiyo ndiyo iliyoshika namba moja.

Basi nianze na *The Hollow Man*?

Ningekusihi usianze nacho. Ni kitabu kikubwa, lakini maelezo yake ya mwisho yana vipande vingi mno kwa msomaji ambaye bado hajazoea. Halafu kuna sura ya 17, ile maarufu, ambamo Dr. Fell anasimamisha hadithi nzima na kutoa mhadhara juu ya njia zote za kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Anakiri wazi kwamba wao ni watu wa hadithi ya upelelezi na hakuna haja ya kujifanya si hivyo. Mhadhara ni raha tupu, ila unagusa siri za vitabu vilivyotangulia. Ukiusoma mapema, unajiharibia.

Anza na hadithi fupi: Futrelle niliyemtaja, kisha Father Brown mbili tatu. Riwaya ya kwanza iwe *The Judas Window* ya 1938, iliyoandikwa kwa jina la Carter Dickson. Kijana anakwenda kuonana na baba wa mchumba wake. Anapewa kinywaji, kichwa kinamzunguka, anapoteza fahamu. Anapozinduka, mzee amekufa, mshale uko kifuani, mlango una komeo kwa ndani na madirisha yana vifuniko vya chuma vilivyofungwa. Wako wawili tu chumbani. Hadithi karibu yote inakwenda mahakamani, Old Bailey, na Merrivale ndiye wakili wa utetezi. Kila shahidi anapoulizwa swali dogo lisiloonekana na maana, ukuta unapungua tofali moja. Sijui kitabu kingine kinachomwonyesha msomaji fumbo likifunguka kwa uwazi namna hii.

Kama unampenda Christie tayari, chukua *Hercule Poirot's Christmas*, nayo ya 1938. Huyo hakufanya vyumba vilivyofungwa mara kwa mara, lakini hapo alifanya vizuri.

Watu husema "mchezo wa haki". Maana yake nini?

Kwamba kila kidokezo anachokipata mpelelezi, msomaji anakipata pia, kabla siri haijafunuliwa. Ellery Queen walikwenda mbali zaidi: katika riwaya zao za mwanzo hadithi inasimama karibu na mwisho, na msomaji anaambiwa uso kwa uso kwamba sasa ana kila kitu cha kumjua muuaji.

Wakati huo watu walipenda kuandika kanuni. Mwandishi S. S. Van Dine alitoa 20 mwaka 1928, na padri Ronald Knox 10 mwaka 1929. Knox anakataza mambo ya miujiza, anakataza sumu zisizojulikana, na anaruhusu mlango wa siri mmoja tu, usizidi. Detection Club, chama cha waandishi kilichoanzishwa London mwaka 1930 na Chesterton akiwa rais wake wa kwanza, kilikuwa na kiapo: mwanachama anaahidi kwamba wapelelezi wake watatumia akili, hawatategemea bahati wala maono, na kwamba hatamficha msomaji kidokezo cha lazima. Waliapa mbele ya fuvu la kichwa waliloliita Eric.

Kanuni nyingi zimevunjwa, na wengine wamezivunja kwa ufundi mkubwa. Ile ya kutomficha msomaji sioni namna ya kuivunja ukabaki na hadithi ya aina hii.

Nifanyeje ili nami nitegue fumbo?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote.

Wengi huanza na mlango. Wanawaza uzi, sumaku, barafu, koleo la kugeuzia ufunguo kwa nje. Hila hizo zipo, na baadhi ni nzuri, lakini ukianzia hapo utazunguka sana. Anza na swali hili: *nani kasema?* Chukua kila jambo ambalo hadithi imekupa kama hakika, na pembeni yake andika jina la aliyelisema.

Tuchukue mfano wangu mwenyewe, usio wa kitabu chochote. Watu watatu wanabisha mlango wa maktaba, hakuna jibu. Wa kwanza anashika kitasa, anasukuma, anasema, "Umekomewa." Wanarudi nyuma, wanaupiga bega mara tatu, mlango unafunguka kwa kishindo. Wa kwanza anainama kwenye maiti. Wa pili anakimbilia dirishani na kukuta limefungwa. Wa tatu amesimama kizingitini, amepigwa na bumbuwazi. Baadaye polisi wanaandika: mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, mashahidi watatu.

Sasa uliza nani kasema. Mashahidi si watatu, ni mmoja, yule aliyeshika kitasa. Wengine wawili walisikia neno lake wakaona mlango unagoma. Mlango hugoma kwa sababu nyingi: huenda umefungwa kwa ufunguo upande wa nje, huenda kuna kabari chini yake, huenda mkono ulioshika kitasa ulikuwa unauvuta huku mwili ukijifanya kusukuma. Na komeo lililokutwa limeng'oka? Linathibitisha kwamba limeng'oka. Halisemi liling'oka saa ngapi.

Fanya hivyohivyo kwa wakati wa kifo. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho akiwa hai, na alimwona au alisikia tu sauti yake nyuma ya mlango? Sauti iliyosemekana ni ya ugomvi, ilikuwa ya watu wawili au ya mmoja? Nani alitangaza kwamba amekufa, na wengine walikuwa umbali gani? Majirani wa Poe walikuwa wakweli wote, na wote waliongeza kitu ambacho hawakukisikia. Mwandishi mzuri hahitaji mashahidi waongo. Anahitaji watu waaminifu wanaojaza pengo bila kujua wamelijaza.

Swali la pili: kwa nini muuaji alitaka chumba kifungwe? Kukifunga ni kazi, na kazi ina sababu. Pengine anataka ionekane marehemu kajiua. Pengine anataka mtu aliyemo ndani ndiye anyongwe. Au pengine hakutaka kabisa, mambo yalimwendea mrama na chumba kikajifunga chenyewe. Hii ya mwisho ndiyo inayonipendeza zaidi, maana inamfanya muuaji naye awe katika mshangao.

Mbona suluhisho nyingi huvunja moyo?

Kwa sababu fumbo linaahidi muujiza na jibu linaleta waya. Robert Adey, Mwingereza aliyeorodhesha hadithi hizi katika *Locked Room Murders*, alifikisha zaidi ya 2,000 katika toleo la 1991, kila moja na suluhisho lake nyuma ya kitabu. Ukizisoma suluhisho hizo mfululizo unaona wazi zipi ni mitambo na zipi ni mawazo. Za mitambo husahaulika. Zinazobaki ni zile ambazo jibu lake laweza kusemwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inakulazimisha urudi ukurasa wa kwanza uone kila tukio limegeuka.

Ndiyo maana wafanya mazingaombwe waliielewa sanaa hii vizuri. Clayton Rawson, aliyeandika *Death from a Top Hat* mwaka 1938, alikuwa mfanya mazingaombwe mwenyewe, na mpelelezi wake Merlini pia. Yeye na Carr kila mmoja aliandika kisa cha chumba ambacho mianya ya mlango na madirisha imezibwa kwa karatasi yenye gundi, iliyobandikwa kwa ndani. Kitabu cha Carr ni *He Wouldn't Kill Patience*, 1944. Hadithi fupi ya Rawson ni "From Another World", 1948. Zisome zikifuatana. Fumbo ni lilelile, na majibu yanatofautiana kabisa.

Mizimu na majini vinaingiaje?

Vinaingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa wa nyuma. Pale binadamu anapoonekana hakuweza kutenda, watu wa hadithini huanza kunong'ona kuhusu laana na wafu. Carr alilijenga hilo kwa makusudi: giza, upepo, nyumba yenye sifa mbaya, halafu maelezo ya mchana kweupe. *Rim of the Pit* ya Hake Talbot, 1944, inakwenda mbali kuliko zote. Kuna kikao cha kuita mizimu, na kwa kurasa nyingi unaamini kweli kimejibiwa.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wake wa kujivunia. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Jina lenyewe linakualika kuogopa, na mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, anakualika kufikiri. Si kisa cha chumba kilichofungwa, lakini mvutano ni uleule: jambo ambalo wengine wako radhi kuliachia mizimu, yeye analidai maelezo. Ukitoka kwa Dupin au Sherlock Holmes ukaingia kwa Bwana Msa, utajisikia uko nyumbani.

Kwa nini Japani inatajwa sana siku hizi?

Kwa sababu huko moto haukuzimika. Mwandishi Edogawa Ranpo alijitungia jina hilo kwa kulitamka Edgar Allan Poe Kijapani, na hadithi yake ya kwanza ilitoka 1923. Kulikuwa na tatizo la kweli: nyumba za jadi zenye milango myepesi ya kuteleza hazifungiki kama vyumba vya Ulaya. Seishi Yokomizo akalikabili katika *Honjin satsujin jiken*, iliyoanza kutoka 1946. Maharusi wanauawa usiku wa harusi katika nyumba ya uani, theluji imeizunguka pande zote, na upanga umekutwa umesimama nje kwenye theluji.

Baadaye akaja Soji Shimada mwaka 1981 na fumbo lake la nyota za Tokyo, na mwaka 1987 Yukito Ayatsuji akawapeleka kisiwani wanafunzi wa chuo wanaoitana kwa majina ya Ellery, Carr, Agatha na Poe. Hicho cha Ayatsuji kimetafsiriwa Kiingereza kama *The Decagon House Murders*. Kina mstari mmoja wa mazungumzo unaoangusha kitabu kizima. Usifungue kurasa za mbele kwa bahati mbaya.

Vitabu hivi vina ubaguzi?

Baadhi vinao, na haifai kulifunika. Riwaya ya Christie ya 1939 inayojulikana leo kama *And Then There Were None* ilitoka Uingereza kwa jina lenye tusi kwa watu weusi. Marekani walilibadilisha mwaka uliofuata. Kanuni ya tano ya Knox inasema Mchina asitokee katika hadithi. Knox alikuwa akiwapinga waandishi wa bei rahisi waliomfanya kila Mchina kuwa mwovu wa siri, lakini alivyoiandika inakwaruza bado. Nasoma vitabu hivi nikijua vilitoka wapi, na simlaumu msomaji anayeamua kukiweka kimojawapo chini.

Uhalifu wa aina hii hutokea kweli?

Mara chache. Mwaka 1920 Joseph Elwell, bingwa wa mchezo wa karata wa bridge, alikutwa New York amepigwa risasi kichwani nyumbani kwake, nyumba ikiwa imefungwa. Muuaji hakupatikana hadi leo. Van Dine aliichukua kesi hiyo kama msingi wa *The Benson Murder Case* ya 1926.

Nikishajua jibu, kuna faida ya kusoma tena?

Kubwa. Mara ya kwanza unatazama muuaji. Mara ya pili unamtazama mwandishi: hapa kakuonyesha kidokezo huku akikupigia kelele upande mwingine, hapa kaandika sentensi yenye maana mbili na zote ni kweli. *The Murder of Roger Ackroyd* ya 1926 naiona bora zaidi katika usomaji wa pili.

Naruhusiwa kusema mwisho ninapojadili na wenzangu?

Muulize kwanza kila aliyepo kama amekisoma. Asipokuwepo hata mmoja ambaye hajakisoma, semeni yote, kwa kuwa mjadala wa hila hauwezi kwenda mbali ukiwa nusu nusu. Akiwepo, ishia kwenye fumbo. Hata kumwambia "utashangaa mwisho wake" ni kumpunguzia, maana ataanza kumshuku asiyeshukiwa. Na kama ni mhadhara wa sura ya 17 ya *The Hollow Man*, mwambie asubiri hadi awe amemsoma Zangwill na Leroux.